Kemikali za Kazi za Mikono Nyumbani: Kufuli Moja Haitoshi

Katika miji na vijiji vingi vya Tanzania na Kenya, ua wa nyumba umegeuka kuwa karakana ndogo. Huku hupikwa sabuni ya mche, kule hukorogwa sabuni ya maji, na penginepo vitambaa vya batiki huanikwa kambani vikingoja wanunuzi. Wapo wanaozifanya kazi hizi ili wapate riziki, na wapo wazifanyao kwa mapenzi tu ya sanaa baada ya saa za ofisi. Hakuna ubishi kwamba ni kazi za heshima na zenye manufaa. Walakini kila karakana ina ghala lake, na ghala la karakana hizi aghalabu ni chumba kile kile ambamo watu hulala, hupika na kulea watoto. Kwa hiyo swali la kuhifadhi kemikali za kazi hizo si la wataalamu wa maabara peke yao. Ni swali la nyumba.

Anayejifunza kutia rangi batiki hufundishwa vipimo: rangi kiasi gani, kostiki soda kiasi gani, haidrosalfaiti kiasi gani, maji ya moto kiasi gani. Anayejifunza kutengeneza sabuni ya maji hufundishwa vivyo hivyo kuhusu asidi ya salfoniki, soda ash, glaiserini na chumvi. Hufundishwa pia namna ya kufungasha na kutafuta soko. Lakini ni nadra kuelezwa mabaki ya vitu hivyo yawekwe wapi jioni, somo likisha kwisha na kila mtu kurudi kwake na mifuko yake. Akibahatika ataambiwa neno moja tu: viweke mbali na watoto. Naye, kwa kuwa ni mzazi mwema, atavikusanya vyote pamoja, atavitia katika kasha moja au kabati moja, na atafunga kufuli.

Ushauri huo ni wa kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kufuli humzuia mtoto asifike penye kemikali. Haizuii kemikali zisikutane zenyewe kwa zenyewe. Mwenye kasha hilo ameondoa hatari moja na, bila kujua, ameijenga ya pili. Ndipo inapofaa kusemwa wazi kwamba nyumba inayofanya kazi hizi inahitaji kanuni mbili, si moja: ya kwanza ni kufunga, na ya pili ni kutenga. Mafunzo yanayotaja ile ya kwanza na kuinyamazia ya pili hayajakamilika.

Ili kuona kwa nini kutenga ni lazima, hapana budi kuzitazama kemikali zenyewe. Haidrosalfaiti ya sodiamu, ambayo mafundi huiita haidro, ni unga mweupe wenye kazi maalumu katika batiki. Rangi za aina ya vati hazimumunyiki katika maji. Haidro, ikisaidiwa na kostiki soda, huibadili rangi hiyo ikamumunyika na kuingia ndani ya nyuzi za pamba. Kisha kitambaa kinapotolewa na kukutana na oksijeni ya hewani, rangi hurudia hali yake ya kwanza, nayo haitoki tena kwa kufuliwa. Tabia inayoleta faida hii ndiyo hiyo hiyo inayoleta hatari. Haidro ina uchu mkubwa wa oksijeni. Ikipata unyevu kidogo huanza kuoza kikemia, huku ikitoa joto. Joto hilo huharakisha kuoza, na kuoza huongeza joto. Kopo lililoachwa wazi chini ya bati linalovuja laweza kufuka moshi, kutoa gesi kali ya salfa dioksaidi, na hatimaye kuwaka lenyewe pasipo mtu kuwasha kiberiti.

Kwamba jambo hili si la kufikirika tu lilithibitishwa tarehe 21 Aprili 1995 katika mji wa Lodi, jimbo la New Jersey, Marekani. Katika kiwanda cha kampuni ya Napp Technologies palikuwa panachanganywa haidrosalfaiti hiyo hiyo pamoja na unga wa alumini. Wachunguzi wa serikali waliona kwamba yaelekea maji yaliingia katika mashine ya kuchanganyia bila kukusudiwa. Mchanganyiko ulianza kupata joto na kutoa gesi. Baadaye ukalipuka, na wafanyakazi watano wakapoteza maisha. Kilikuwa ni kiwanda chenye mitambo na wakemia. Kiasi kilichomo katika nyumba ya fundi wa batiki ni kidogo mno kukilinganisha na kile cha Lodi, lakini kanuni ya kemia haibadiliki kwa sababu ya udogo wa kopo.

Mfano wa pili ni kostiki soda, yaani haidroksidi ya sodiamu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa sabuni ya mche. Kemikali hii hunyonya unyevu wa hewani hata ikajimumunya yenyewe na kuwa maji maji yanayotambaa rafuni. Ikimwagiwa maji hutoa joto la ghafla. Ndiyo maana mafundi hodari hutia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, wala hawamimini maji juu ya kostiki. Haya wengi huyajua. Lisilojulikana sana ni kwamba kostiki hula alumini, na sufuria nyingi za jikoni ni za alumini. Sufuria kuukuu iliyotolewa jikoni na kufanywa chombo cha kutunzia kostiki itatobolewa polepole, na katika kutobolewa huko itatoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka kwa cheche ndogo kabisa. Kostiki haina budi kukaa katika chombo kizito cha plastiki chenye kifuniko kinachobana.

Mfano wa tatu umo karibu katika kila nyumba, hata isiyokuwa na fundi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo watu wengi huiita Jik hata iwe ya kiwanda kingine, ni mmumunyo wa haipokloraiti ya sodiamu. Ikikutana na asidi, mathalani dawa ya kusugulia choo, asidi ya salfoniki ya sabuni au maji ya betri, hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani dhidi ya adui zake huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara mbili na nusu. Kwa hiyo haipandi darini ikapotea, bali hutambaa sakafuni, mahali pale pale palipotandikwa mkeka wa mtoto. Dawa hiyo ya nguo ikichanganyika na amonia hutoa gesi nyingine za sumu ziitwazo kloramini. Kuna watu huzichanganya dawa hizi kwa makusudi, wakidhani kwamba dawa mbili zenye nguvu zitasafisha choo kuliko moja. Matokeo yake ni kwamba choo hakisafiki zaidi, bali mapafu huungua.

Mfano wa nne ni wa vitu viwili vinavyoaminiwa na wote. Pamanganeti ya potasiamu hukaa katika sanduku la dawa, na glaiserini hukaa katika kapu la mtengeneza sabuni au mezani penye vipodozi. Kila kimoja hakina kelele. Lakini pamanganeti ni mtoaji mkubwa wa oksijeni, na glaiserini ni kitu kinachoungua. Vikimwagikiana, hukaa kimya muda mfupi kana kwamba hapana lolote, kisha moto huzuka. Hali kadhalika klorini ya unga ya kutibia maji: ikidondokewa na mafuta yaweza kuwaka. Ukimya ule wa mwanzo ndio unaowapoteza watu, kwa sababu mtu huondoka akiamini kwamba amekwisha kupangusa.

Kutokana na mifano hii, kemikali za nyumbani zaweza kugawanywa katika jamaa tano. Jamaa ya kwanza ni ya asidi: asidi ya salfoniki, maji ya betri, na dawa za choo zenye asidi. Ya pili ni ya alikali: kostiki soda, soda ash na amonia. Ya tatu ni ya vitoa-oksijeni na klorini: dawa ya kung'arishia nguo, klorini ya unga, pamanganeti na peroksaidi ya haidrojeni. Amonia, ingawa ni ya jamaa ya pili, ihesabiwe kuwa adui wa jamaa hii ya tatu popote iwapo. Jamaa ya nne ni ya vinavyoungua: mafuta ya taa, spiriti, nta, glaiserini na rangi za mafuta. Ya tano ina mwanachama mmoja tu, nayo ni haidro, ambayo haipatani na asidi, wala na vitoa-oksijeni, wala na maji, na ambayo kwa hiyo yafaa ikae peke yake, mahali pakavu na penye ubaridi. Jamaa hizi tano zisichangie chombo, zisichangie trei, wala zisiwekwe moja juu ya nyingine.

Hapa huzuka pingamizi ambalo si haki kulipuuza. Itasemwa kwamba maelezo haya yanamfaa mwenye nyumba ya vyumba sita na stoo mbili, wala si mama mwenye chumba kimoja cha kupanga anayelipia karo ya watoto kwa vitambaa anavyouza. Pingamizi hili ni la kweli kwa upande wa chumba, lakini si la kweli kwa upande wa kutenga. Kinachohitajika si kabati tano za mbao. Ndoo tano za plastiki zenye mifuniko zatosha, kila moja ikiwa na jina la jamaa yake limeandikwa ubavuni. Chupa ya asidi ikipasuka ndani ya ndoo yake, asidi itabaki humo. Haitamfikia jirani yake. Ndoo za maji maji zikae chini, za unga zikae juu, ili kinachovuja kisiwe na cha kudondokea. Ya asidi na ya dawa ya nguo ziwekwe pembe mbalimbali za chumba au, ikiwezekana, moja iwe nje chini ya kivuli mahali panapofungwa. Zote ziwe mbali na jiko, mbali na kitanda, mbali na chakula. Gharama ya ndoo hizo haiwezi kuwa kisingizio cha mtu anayenunua ndoo kila mwezi kwa ajili ya sabuni anayouza.

Pingamizi la pili husikika zaidi kwa mafundi wakongwe: kwamba wamefanya kazi miaka mingi, wameweka vyote pamoja, na halijatokea jambo. Hoja hii inachanganya bahati na usalama. Kemikali zilizofungwa vizuri katika vyombo vipya hazikutani, na miaka yaweza kupita. Lakini vifuniko huchakaa, mifuko ya nailoni hutoboka, mvua za masika huleta unyevu, panya hutafuna, na dawa ya nguo inapopata joto hutoa gesi kidogo kidogo hata chupa ikavimba. Kutenga ni kujiandaa kwa siku ambayo chombo kitashindwa, na chombo chochote kikikaa muda mrefu mno kitashindwa. Hata huko Beirut, Lebanoni, tani 2,750 za naitreti ya amonia zilikaa katika ghala la bandari kwa miaka kadhaa, kila siku iliyopita salama ikiwa kama hoja ya kuziacha kesho yake. Mpaka tarehe 4 Agosti 2020, moto ulipozifikia na kuua watu zaidi ya 200. Kupita kwa siku nyingi si uthibitisho wa usalama.

Walakini lawama haiwezi kubebwa na fundi wa nyumbani peke yake. Njia ya kemikali kutoka dukani hadi nyumbani ina kasoro ambazo yeye hakuzianzisha. Muuzaji hufungua gunia la kilo 25 au dumu la lita 20 lenye maandishi na alama zote za hatari, kisha humpimia mteja nusu kilo katika mfuko mweupe usio na neno lolote, au humjazia chupa iliyokuwa ya soda. Tangu hapo elimu yote iliyokuwa juu ya gunia imebaki dukani. Haidro, kostiki na soda ash zote ni nyeupe. Zikiwa katika mifuko isiyo na majina hata mkemia hawezi kuzitofautisha kwa macho. Asidi ya betri nayo tumeizoea kwa jina la upole la maji ya betri, jina ambalo mtoto au mgeni mwenye kiu hawezi kulitambua kuwa ni onyo. Chupa ya soda kwa mtoto ni soda, hata iwe na nini ndani yake. Na kostiki ikimezwa huunguza koo na umio kwa namna ambayo madaktari huweza kuhangaika nayo kwa miaka.

Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Na. 3 ya mwaka 2003, ambayo usimamizi wake umo mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Jina lenyewe la sheria linatambua kwamba kemikali haziishi viwandani tu. Nao Umoja wa Mataifa, tangu mwaka huo huo wa 2003, umekuwa ukichapisha mfumo mmoja wa alama za hatari kwa dunia nzima, zile zenye umbo la almasi na mpaka mwekundu. Kwa hiyo hakuna upungufu wa kanuni. Kinachopungua ni hatua ndogo ya mwisho: kwamba kila kipimo kinachouzwa kwa rejareja, hata cha robo kilo, kitoke dukani kikiwa na karatasi yenye mambo matatu kwa Kiswahili fasaha: jina la kemikali, hatari yake, na kitu ambacho kisikutane nacho. Karatasi hiyo haigharimu hata thamani ya mfuko uliotiliwa kemikali. Lugha ya Kiswahili haina umaskini unaoweza kuzuia jambo hili. Sentensi kama "Usiweke karibu na asidi" inaeleweka na kila asomaye.

Yapo pia mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyaanza bila kungoja duka wala serikali. Inunuliwe kemikali ya kutosha kazi iliyopo, kwani isiyobaki haihitaji kuhifadhiwa. Kila chombo kiandikwe jina na tarehe siku ile ile kinapoingia ndani. Kijiko cha kupimia haidro kisitumike kupimia kitu kingine, na kiwe kikavu. Mabaki ya mitungi mbalimbali yasimwagwe pamoja katika shimo moja la choo. Maji ya batiki yenye haidro yakifuatwa na dawa ya choo yenye asidi huko shimoni, mmenyuko utatokea pale pale alipochuchumaa mtumiaji.

Ajali ikitokea, maarifa machache huokoa. Ngozi au jicho lililopatwa na kostiki au asidi lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, ndipo mgonjwa apelekwe hospitali. Aliyemeza asitapishwe, wala asipewe ndimu au siki kwa dhana ya kuua makali; asukutue kinywa, naye apelekwe upesi pamoja na chombo cha kemikali aliyoimeza, ili daktari ajue anapambana na nini. Ikitoka gesi, watu watoke nje na kusimama upande upepo unakotoka. Haidro inapofuka moshi, kuimwagia kikombe cha maji ni kuichochea, na kuifunika kwa mchanga hakutoshi kwa sababu haihitaji hewa ili iendelee kuungua. Yafaa watu waondoke na zimamoto waitwe, waambiwe kwa jina ni kitu gani kinachoungua.

Wanaoandaa mafunzo ya batiki na sabuni, wawe wa vyama vya akina mama, wa shule za ufundi au wa mashirika ya viwanda vidogo, wanayo nafasi ambayo hakuna mwingine aliye nayo: wao ndio wanaomweka fundi mbele ya kemikali kwa mara ya kwanza. Ingefaa saa moja ya mafunzo hayo itumike kupanga ghala, kwa mikono, kwa ndoo zile zile ambazo mwanafunzi atakuwa nazo nyumbani, na asipewe cheti mpaka awe ameonyesha kwamba anaweza kuzitenga jamaa tano bila kukosea. Kupima rangi na kuhifadhi mabaki yake ni kazi moja, na aliyefundishwa nusu yake amerudishwa nyumbani na hatari asiyoijua jina.